Umebadilisha vipuri na gemu bado zinakwama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyefungua kompyuta yake ya mezani, akaweka kadi ya michoro, prosesa, ramu au madabodi mpya, akafunga, akawasha, na gemu ikacheza vilevile kama jana au vibaya zaidi. Mara nyingi kipuri kipya ni kizima. Kimebaki kwenye mipangilio ya kiwandani, kimechomekwa pasipo pake, au kimefichua udhaifu wa kipuri cha jirani ambao zamani ulikuwa umejificha. Maswali yameandikwa jinsi watu wanavyoyauliza, kwa hiyo usishangae moja likipata aya tano na lingine mistari miwili.

Nianzie wapi?

Anza kwa kupima, kabla hujashika bisibisi. Sakinisha MSI Afterburner pamoja na RivaTuner inayokuja nayo, kisha iagize ionyeshe namba hizi juu ya gemu: fremu kwa sekunde, muda wa kila fremu, matumizi ya kadi, kasi yake, joto lake, wati zake, kumbukumbu ya kadi iliyotumika, ramu iliyotumika, na matumizi ya kila kiini cha prosesa. Nasisitiza kila kiini. Prosesa ya viini vinane inaweza kuonyesha asilimia 30 kwa jumla huku kiini kimoja kinachobeba kazi kuu ya gemu kikiwa hoi, na mwenye kompyuta anaapa kwamba prosesa yake haina kazi.

Chagua sehemu moja ya gemu, na upimie hapohapo kila mara. Gemu nyingi zina kipimo chake cha ndani. Kama yako inacho, kitumie. Halafu badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayesasisha draiva, kuwasha XMP (wasifu wa kasi ya ramu) na kuhamisha kadi kwa mkupuo hatajua kilichomponya, wala kilichomharibia.

Ukijilinganisha na vipimo vya watu wengine, hakikisha prosesa, resolusheni na mipangilio ya gemu inafanana na yako. Kadi peke yake haitoshi. Wapimaji wengi wa kadi hutumia prosesa kali kuliko zote sokoni, makusudi, ili kadi ndiyo ionekane.

Namba zenyewe nizisomeje?

Tuseme uko kwenye soko la mji ndani ya gemu, resolusheni ni 1920×1080, na pembeni ya skrini unaona hivi: fremu 74, kadi asilimia 58, joto la kadi nyuzi 61, kiini cha tatu cha prosesa asilimia 98, vingine kati ya 20 na 45. Kadi hapo inasubiri. Inamaliza fremu, inakaa, inangoja prosesa iandae nyingine. Thibitisha kwa kushusha resolusheni hadi 1280×720: fremu zikibaki 74 au 76, basi prosesa au ramu ndiyo inayokaba. Zikiruka hadi 130, kadi ndiyo iliyokuwa imebeba mzigo.

Sura ya pili: kadi asilimia 98 au 99, fremu chache. Kadi inafanya kazi yote iliyo nayo. Tazama kasi na wati. Kama kasi iko chini sana ya ile iliyoandikwa na mtengenezaji, tatizo ni joto au umeme. Kama kasi iko sawa, umeiomba kazi kubwa kuliko uwezo wake.

Sura ya tatu huwasumbua wengi: kadi asilimia 50, hakuna kiini kilichofika juu, na fremu ni 60 kamili bila kutikisika. Hapo hakuna ugonjwa. Kuna kizuizi kimewekwa mahali fulani: V-Sync (inayofungia fremu kwenye mwendo wa monita) ndani ya gemu, kikomo cha fremu kwenye programu ya Nvidia au AMD, Radeon Chill ya AMD inayopunguza fremu, au RivaTuner yenyewe uliyoipangia kikomo zamani ukasahau.

Kadi mpya ina nguvu mara mbili ya ile ya zamani. Mbona fremu ni zilezile?

Kwa sababu kila fremu huanzia kwenye prosesa. Prosesa ndiyo inayokokotoa mwendo wa vitu, akili za maadui, nani yuko wapi, kisha inaiandikia kadi orodha ya vitu vya kuchora. Kama prosesa ina uwezo wa kuandika orodha 80 kwa sekunde, hata uweke kadi kubwa kuliko zote duniani, fremu zitabaki 80. Kadi ya zamani ilikuwa dhaifu kiasi kwamba haukuwahi kuufikia ukuta huo. Mpya imekupeleka hapo siku ya kwanza.

Tiba ya bure ni kuitumia kadi. Panda kutoka 1920×1080 hadi 2560×1440 kama monita inaruhusu, ongeza ubora wa teksicha na vivuli. Fremu zitabaki karibu palepale lakini picha itakuwa nzuri zaidi. Halafu punguza vile vinavyomla prosesa: umbali wa kuona, wingi wa watu na magari, na ray tracing (uchoraji wa mwanga kwa kufuata miale), ambayo watu hudhani ni ya kadi tu, kumbe prosesa nayo hupata kazi ya kuandaa ramani ya vitu vyote ambavyo miale itavigonga.

DLSS (ya Nvidia) na FSR (ya AMD) za kukuza picha, yaani zinazochora picha ndogo kisha kuikuza, hazisaidii hapa. Zinapunguza kazi ya kadi, na kadi tayari haina kazi. Za kutengeneza fremu za katikati huongeza namba inayoonekana, na gemu huonekana laini kweli, lakini mwitikio wa kipanya haubadiliki kuwa wa haraka, kwa sababu prosesa bado inatoa fremu halisi zilezile. Mimi huzikubali kwenye gemu za hadithi, na kuzikataa kwenye gemu za kushindana.

Tiba ya pesa ni prosesa. Mwenye madabodi ya AM4 (soketi ya AMD ya Ryzen za zamani) ana bahati: Ryzen 7 5800X3D iliyotoka mwaka 2022, na ndugu yake 5700X3D, zina kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 96, na huingia kwenye bodi nyingi za zamani baada ya kusasisha BIOS, programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha kompyuta. Linganisha na Ryzen 5 5600G yenye MB 16. Gemu zinazotegemea prosesa hupenda kashe kuliko namba ya viini.

Fremu ni chache kiasi cha kutia aibu, kama vile sikuweka kadi kabisa.

Zunguka nyuma ya kompyuta utazame waya wa monita umechomekwa wapi. Matundu yaliyosimama juu, karibu na ya USB, ni ya madabodi. Ya kadi yako chini zaidi, yamelala. Hamishia huko. Ndiyo, hata mafundi hukutwa na hili.

Nimeongeza ramu, gemu zimekuwa nzito kuliko mwanzo. Inawezekana?

Inawezekana, na hapa ndipo makosa mengi yamejificha.

La kwanza ni kasi. Ramu iliyoandikwa 3600 kwenye boksi haiwaki kwa 3600. Bila maagizo, DDR4 kwa kawaida huwaka kwa 2133 au 2400, na DDR5 mara nyingi kwa 4800. Kasi ya kwenye boksi imehifadhiwa kwenye wasifu unaoitwa XMP, au EXPO kwa ramu za DDR5 zilizolengwa AMD, na wasifu huo huwashwa ndani ya BIOS. Ukisasisha BIOS, au ukibadilisha ramu, wasifu mara nyingi hujizima. Ndiyo maana mtu aliyekuwa na kasi nzuri jana anajikuta na 2133 leo. Angalia kwenye CPU-Z, na usiogope ukiona 1800: ramu hizi hupeleka data mara mbili kwa kila mpigo, kwa hiyo 1800 hapo ni 3600 ya kwenye boksi.

La pili ni sloti. Kwenye madabodi yenye sloti nne, vipande viwili huenda kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa; bodi nyingi huziandika A2 na B2. Ukivipachika ya kwanza na ya pili, vyote viwili hukaa kwenye chaneli moja, na nusu ya njia ya data inabaki tupu. Kwenye gemu zinazokabwa na prosesa utaona tofauti, na fremu za chini ndizo zinazoumia zaidi. Wanaotumia michoro ya ndani ya prosesa huumia kupita wote, maana ramu hiyohiyo ndiyo kumbukumbu yao ya kadi.

La tatu ni kuchanganya. Kipande cha 3200 kikikaa na cha 2666, vyote hutembea kwa mwendo wa 2666 au chini yake. Hata vipande viwili vya jina moja vilivyonunuliwa miaka tofauti vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani na visielewane kwenye XMP.

La nne ni la DDR5. Vipande vinne ni mzigo mzito kwa prosesa. AMD yenyewe, kwa Ryzen 7000, inaahidi 3600 tu ukijaza sloti zote nne, wakati vipande viwili vinaahidiwa 5200 na kwa kawaida hufika 6000 kwa EXPO bila shida. Ukitaka GB 64, nunua vipande viwili vya 32. Kuongeza viwili vya 16 juu ya viwili vya 16 ulivyonavyo huonekana kuokoa pesa, lakini sikushauri.

Usikate tamaa pia skrini ikikaa nyeusi dakika kadhaa baada ya kuweka DDR5 mpya. Bodi inaizoea ramu, ikijaribu mipangilio mpaka ipate inayofaa. Iache. Ikishawaka na wasifu ukiwa umewashwa, ipitishe MemTest86, programu ya kupima ramu, usiku kucha. Ramu yenye kosa moja dogo itakusumbua kwa dalili ambazo utailaumu kadi, Windows na gemu yenyewe.

Nitajuaje kadi imekaa vizuri kwenye sloti?

Fungua GPU-Z utazame mstari wa basi. Utaona kitu kama x16 4.0, yaani njia 16 za PCIe kizazi cha nne. Ukiona 1.1 mwishoni usishtuke: kadi isiyo na kazi hupunguza mwendo ili kuokoa umeme. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni, anzisha jaribio dogo, kisha soma tena.

Ukiona x4 kwenye kadi ya x16, ama umeichomeka sloti ya chini, ambayo kwenye bodi nyingi ina umbo refu lakini nyaya chache, ama haikuingia hadi mwisho. Kadi ikiingia vizuri, kile kikofia cha plastiki kilicho mwisho wa sloti hujifunga kwa mlio mfupi. Kadi nzito huinama, na upande wa ndani huinuka milimita moja hivi. Inatosha kupoteza njia kadhaa. Kuna pia bodi ambazo ukijaza sloti fulani ya M.2 (ya SSD), sloti kuu ya kadi hushuka hadi x8. Kitabu cha bodi ndicho kinachosema ni ipi.

Lakini x8 si kosa siku zote. RTX 4060, RX 6600 na RTX 5060 Ti zimetengenezwa na njia nane tu. Kwenye PCIe 4.0 haina neno. Kwenye bodi ya PCIe 3.0 hupungukiwa kidogo, hasa kumbukumbu ya kadi ikijaa. RX 6500 XT ina njia nne na kumbukumbu ya GB 4, na kwenye PCIe 3.0 inateseka waziwazi. Kumbuka pia kwamba Ryzen 5 5500 na 5600G hutoa PCIe 3.0 hata bodi ikiwa ya 4.0.

Resizable BAR ni nini, na inanihusu?

Ni ruhusa ya prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, badala ya kuichungulia kwa kidirisha cha MB 256. AMD huiita Smart Access Memory. Kwa kadi za Nvidia na AMD, faida hutofautiana gemu kwa gemu. Kwa Intel Arc ni lazima. Bila hiyo kadi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na mwenye prosesa isiyoiunga mkono asinunue Arc.

Huwashwa ndani ya BIOS pamoja na Above 4G Decoding, na CSM (hali ya kuwasha kompyuta kwa mtindo wa zamani) sharti izimwe. Kuna mtego: kama Windows yako ilisakinishwa zamani kwenye diski ya mtindo wa MBR (mpangilio wa zamani wa kugawa diski), ukizima CSM kompyuta haitawaka. Geuza diski kwanza kwa MBR2GPT, programu iliyomo ndani ya Windows 10 na 11. Hifadhi faili zako kabla ya hapo.

Draiva za kadi ya zamani zina madhara?

Ukitoka Nvidia kwenda Nvidia, kwa kawaida hapana; chagua usakinishaji safi na uendelee. Ukihama kampuni, yaani AMD kwenda Nvidia au kinyume chake, ni bora kufuta mabaki. Pakua draiva mpya kwanza, pakua DDU (programu ya kufuta draiva za kadi), chomoa intaneti, washa Windows katika hali salama, futa, zima, weka kadi mpya, sakinisha, rudisha intaneti. Intaneti huchomolewa kwa sababu Windows Update hupenda kuwahi kuingiza draiva yake ya zamani kabla hujaweka yako.

Draiva ya chipuseti ya madabodi husahaulika kabisa. Iweke.

Nimebadilisha madabodi na prosesa. Lazima nisakinishe Windows upya?

Si lazima, Windows 10 na 11 huamka kwenye bodi mpya bila kelele mara nyingi. Lakini kama fremu ni mbaya na umeshapitia yote ya juu, usakinishaji mpya huchukua muda mfupi kuliko wiki ya kubahatisha. Ukitoka Intel kwenda AMD, mimi huanza upya moja kwa moja.

Kuna kesi moja ambapo ni zaidi ya ushauri. Prosesa kama Ryzen 9 7950X3D na 7900X3D zina makundi mawili ya viini, na kashe kubwa iko kwenye kundi moja tu. Draiva ya chipuseti ikishirikiana na Xbox Game Bar ndiyo inayoielekeza gemu kwenye kundi lenye kashe. Ukitoka kwenye prosesa ya kundi moja ukabaki na Windows ileile, au ukaifuta Game Bar kwa kuiona takataka, gemu inaweza kuangukia upande usiofaa.

Kwa Intel za kizazi cha 12 na kuendelea zenye viini vikubwa na vidogo, Windows 11 hugawa kazi vizuri kuliko Windows 10.

Fremu ni nyingi, lakini gemu inakwama-kwama.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote humu, kwa sababu wastani wa fremu hudanganya. Fremu 120 kwa sekunde ni milisekunde 8.3 kila moja. Fremu moja ikichukua milisekunde 90, jicho linaiona, wala wastani hautikisiki. Kwa hiyo weka mchoro wa muda wa fremu na usome umbo la miiba.

Miiba inayokuja mara ya kwanza tu unapoingia eneo jipya au kurusha silaha mpya, na haipo ukirudia, ni sheda (programu ndogo zinazoiambia kadi namna ya kuchora) zinazotayarishwa. Kadi mpya au draiva mpya hufuta zile zilizokwisha kutayarishwa, kwa hiyo siku ya kwanza baada ya kubadilisha kadi ni siku mbaya ya kuhukumu. Gemu ikionyesha mstari wa kutayarisha sheda kwenye menyu, subiri uishe.

Miiba inayozidi kadiri unavyocheza, teksicha zikichelewa kuonekana au zikiwa na ukungu, ni kumbukumbu ya kadi iliyojaa. Kadi ya GB 8 ikiandika 7.8 muda wote, punguza ubora wa teksicha hatua moja. Usiguse kingine. Tofauti huonekana papo hapo, ingawa gemu nyingine huhitaji kuzimwa na kuwashwa tena.

Miiba unapokimbia au kuendesha kwa kasi kwenye dunia pana: gemu inasoma diski. Iko kwenye HDD? Ihamishie SSD. Iko kwenye SSD iliyojaa karibu yote? Achia nafasi.

Mkwamo mmoja mrefu, sauti nayo ikikatika, unaokuja bila mpangilio mara chache kwa siku kwenye Ryzen: mwaka 2022 AMD ilikiri kwamba fTPM, ile moduli ya usalama iliyo ndani ya prosesa, ilikuwa inaleta hili, na ikatoa marekebisho kupitia AGESA 1.2.0.7, msimbo wa AMD unaokuja ndani ya BIOS. Watu wengi waliiwasha fTPM ili kupata Windows 11, hivyo wakadhani Windows ndiyo mkosaji. Sasisha BIOS.

Miiba yenye mpangilio, kila baada ya sekunde chache, huwa ni programu ya nyuma inayouliza vifaa hali zao. Programu za taa za rangi zinaongoza. Ukiwa na mbili za kampuni tofauti, zote zikisoma vihisi vilevile, zifunge zote upime. Hata HWiNFO, programu ya kusoma vihisi, iliyopangwa kusoma kila kitu kwa haraka mno inaweza kuleta miiba hiyo.

Inaanza vizuri, dakika 10 baadaye fremu zinashuka.

Joto. Fungua HWiNFO64, cheza nusu saa, kisha soma kiwango cha juu kabisa cha joto na mstari unaosema kama prosesa ilijipunguza kasi.

Usiogope namba bila kujua kipuri. Ryzen 7000 nyingi zimeundwa kufika nyuzi 95 za Selsiasi zikibanwa, na Intel za karibuni hujipunguza kwenye 100. Ila gemu si kazi ya kuibana prosesa hivyo. Ukiona 95 ndani ya gemu ya kawaida, kipoza hakijakaa. Kifungue. Nailoni ya kinga bado iko chini ya bamba? Pesti imegusa pembe zote? Skrubu zimekazwa kwa zamu, au upande mmoja uko juu? Kwa kipoza cha maji, pampu imechomekwa kwenye plagi inayoipa nguvu yote, au kwenye ya feni inayoizungusha polepole?

Prosesa kubwa kwenye madabodi ya bei ya chini ina tatizo lake: sehemu ya bodi inayoilisha prosesa umeme hupata moto na kuamuru prosesa ipunguze mwendo, huku joto la prosesa lenyewe likionekana zuri. Kwa kadi, tazama pia joto la sehemu yenye moto zaidi. Ikipishana na joto la kawaida kwa nyuzi zaidi ya 25 au 30, bamba halijagusa chipu sawasawa, na hiyo ni kazi ya udhamini.

Kompyuta inazima ghafla gemu ikiwa nzito.

Ikizima kama umeme umekatika, bila skrini ya bluu, mshukiwa wa kwanza ni pawa saplai. Kadi za kisasa hurusha mahitaji yao juu kwa sehemu ndogo ya sekunde, na pawa saplai ya zamani huona hatari ikajizima, hata kama jumla ya wati kwenye karatasi inatosha.

Hesabu yake: sloti ya PCIe hutoa wati 75, plagi ya pini sita 75, ya pini nane 150. Kadi yenye matundu mawili ya pini nane ipe nyaya mbili zinazotoka kwenye pawa saplai kila moja peke yake, badala ya waya mmoja wenye vichwa viwili. Plagi ndogo ya 12VHPWR isukume mpaka pasionekane mwanya, na usiukunje waya karibu na kichwa. Zisizoingia vizuri zimewahi kuyeyuka. Na kamwe usitumie nyaya za pawa saplai nyingine hata kama zinaingia, kwa maana upande wa pawa saplai mpangilio wa pini si mmoja kwa kampuni zote.

Monita ni ya 165 Hz, lakini bado naona kama 60.

Mara nyingi Windows huanza na 60. Nenda kwenye mipangilio ya onyesho, sehemu ya mipangilio ya kina (Advanced display), uchague 165. Isipokuwepo, tatizo ni kebo au tundu: tumia DisplayPort. HDMI za zamani zina kikomo: 1.4, kwa mfano, hubeba 3840×2160 kwa 30 Hz tu.

Gemu za kisasa zinaruka, lakini ya zamani inatambaa kwenye kadi mpya ya RTX 50. Kulikoni?

PhysX, teknolojia ya Nvidia ya kukokotoa mwendo wa vitu kama moshi na vitambaa. Kadi za RTX 50 zilipotoka mwaka 2025, Nvidia iliondoa msaada wa CUDA (mfumo wake wa kuipa kadi hesabu) ya biti 32, na gemu za zamani kama Mirror's Edge na Borderlands 2 zilizotumia PhysX ya biti 32 zikaanza kuirushia prosesa kazi hiyo. Prosesa haiiwezi, hata iwe mpya. Sasisha draiva, kwa sababu baadaye Nvidia ilirudisha msaada huo kwa baadhi ya gemu. Kama yako haimo, zima PhysX kwenye menyu ya gemu.

Prosesa ya Intel ya kizazi cha 13 au 14 inaangusha gemu, na ujumbe unasema kumbukumbu ya kadi imeisha.

Ujumbe huo mara nyingi unamsingizia asiyehusika. Prosesa za mezani za vizazi hivyo, hasa Core i7 na i9, zilikuwa zikiomba volti kubwa mno na kuchakaa taratibu. Intel ilitoa msimbo mdogo (microcode, maagizo ya ndani ya prosesa) wa 0x129 mwezi Agosti 2024 na 0x12B mwezi uliofuata, ambayo huja kupitia BIOS ya madabodi. Sasisha kabla ya siku ya kwanza ya kucheza. Msimbo huzuia uharibifu. Hauponyi prosesa iliyokwisha kuharibika, na hiyo irudishwe, kwani Intel iliongeza miaka miwili ya udhamini kwa prosesa zilizohusika.

Vipi zile programu za kuongeza kasi ya gemu?

Zifute.

Kuna mipangilio miwili ya Windows yenye maana. Mpango wa umeme usiwe wa kuokoa. Na Memory Integrity, iliyo chini ya usalama wa kifaa, hula fremu kadhaa. Microsoft yenyewe imewahi kuwaeleza wachezaji kwamba wanaweza kuizima wakati wa kucheza. Ukizima unapunguza kinga, na baadhi ya gemu za mtandaoni huitaka iwe imewashwa. Kwenye prosesa mpya mimi huiacha.

Ni wakati gani nikubali kwamba kipuri chenyewe ni kibovu?

Pale kitakapofeli ndani ya kompyuta nyingine inayofanya kazi vizuri. Kwa kadi, iweke kwa mwenzako, endesha kipimo kilekile, linganisha kasi na wati. Kwa ramu, pima kipande kimoja kimoja kwenye sloti ileile kwa MemTest86. Kinachotoa kosa hata moja kikiwa kwenye kasi ya kawaida, bila XMP, kirudishwe. Kikitoa kosa kwenye XMP pekee, jaribu kwanza kasi ya hatua moja chini, kwani huenda prosesa ndiyo isiyoimudu kasi hiyo na ramu haina kosa.

Unapoandika barua ya udhamini, ambatisha picha ya GPU-Z au HWiNFO64 iliyopigwa gemu ikiwa inaendelea, toleo la BIOS, toleo la draiva, na orodha ya ulichokwisha kujaribu. Bila hivyo jibu la kwanza litakuwa usasishe draiva, na utapoteza siku mbili kujibu kwamba ulishasasisha.